Bandari inajua kutofungwa, ila haijajua kufungua mlango

Mombasa imetoa bingwa wa ligi ya Kenya mara moja tu, mwaka 1965, na bingwa huyo alikuwa Feisal ya Mji wa Kale. Ligi ya taifa ilikuwa changa wakati huo: Nakuru All Stars walilitwaa kombe mwaka 1963, Luo Union wakafuata 1964, kisha likashuka pwani. Tangu enzi za kina Ali Kajo mpaka leo halijavuka tena Makupa kuingia kisiwani. Sisi tuliokulia upande wa Bandari tumelikaribia mara mbili, msimu wa 2018 na ule wa 2018/19, na mara zote mbili tukamaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia.

Kaa kwenye baraza yoyote ya Kibokoni baada ya swala ya magharibi utaambiwa sababu: marefa, shirikisho, Nairobi na watu wake. Siwalaumu wanaosema hivyo, maana tumeona mengi. Lakini nimeitazama timu hii muda mrefu, na naamini tulikosa ubingwa kwa jambo la uwanjani tu. Mtindo uliotufikisha nafasi ya pili ndio huohuo uliotuzuia kufika ya kwanza.

Tuanze na ulivyojengwa. Kocha Bernard Mwalala alikuwa straika, aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga. Alipokabidhiwa Bandari mwaka 2018 akaanza kuijenga kutoka nyuma. Golini alikuwa na Farouk Shikhalo, ambaye kwa maoni yangu hakuwa na mpinzani katika ligi ile. Katikati ya ulinzi walisimama Brian Otieno na Mkongo Felly Mulumba. Mbele kulikuwa na Abdalla Hassan pembeni, mwenye kasi na chenga, na washambuliaji wenye nguvu kama Mganda William Wadri na Mkongo Yema Mwana.

Tazama walivyokaba. Winga wa wageni akipokea mpira pembeni, beki wetu hakumrukia. Alisimama hatua mbili mbele yake, mwili ukiwa umegeuzwa kidogo kuuziba mstari wa pembeni, akimwachia njia moja tu ya kuingia ndani. Huko ndani kiungo mkabaji alikuwa ameshafika. Winga akiona hapafai, anapiga krosi kutoka mbali, na krosi ya mbali ilikuwa ya Shikhalo au ya kichwa cha Mulumba. Mabeki wa kati hawakutoka kwenye eneo lao kufuata mtu. Walikaa karibu karibu, wakauacha mpira uzunguke mbele yao. Ukinaswa, ulipelekwa upesi kwa Abdalla, nyuma ya beki aliyekuwa amepanda, na hapo wageni walijikuta wanakimbia kurudi kwao.

Ni kazi nzuri, na haifundishwi kwa wiki mbili. Timu ya namna hiyo haipotezi mechi ovyo, na kutopoteza mechi kunakupandisha mbali kwenye jedwali. Lakini mfumo mzima ulikuwa na sharti moja: mpinzani lazima aje. Asipokuja, Abdalla hana nafasi ya kukimbilia, na mpira unabaki miguuni mwa watu waliochaguliwa kwa ajili ya kuunyang'anya.

Ushahidi wangu mkubwa ni mashindano ya SportPesa kule Dar es Salaam, Januari 2019. Nusu fainali tulikutana na Simba. Simba nyumbani hawezi kukaa nyuma, umma wake haumruhusu. Akatoka, akapandisha mabeki, akatuachia uwanja mzima mgongoni mwake. Tukamfunga 2-1, na usiku ule Mombasa nzima ilitembea kifua mbele. Fainali tukakutana na Kariobangi Sharks, vijana wa Nairobi wanaotujua ndani nje na wasio na umma wa kuwasukuma mbele. Tukafungwa 1-0. Wachezaji walikuwa wale wale na wiki ile ile. Kilichobadilika ni aina ya maswali tuliyoulizwa.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa Juni, tulikutana tena na Sharks kwenye fainali ya kombe la ngao la shirikisho pale Kasarani. Safari hii wao ndio walikuwa mabingwa watetezi. Tukawafunga 3-1 na kulileta kombe nyumbani, la pili baada ya lile la 2015. Wengi waliona tumelipa kisasi na tumepona. Mimi nilifurahi kama kila mtu, ila sikuliona kama jibu la ligi. Fainali ni siku moja, na mwisho wake lazima mmoja ashinde, kwa hiyo mchezo hufunguka wenyewe wakati fulani. Kwenye ligi mgeni anaweza kuridhika na pointi moja tangu anapopanda treni Nairobi.

Na hapa pana jambo ambalo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia, nalo ni kuhusu Mbaraki, uwanja wetu wa nyumbani. Tunajisifu kwamba joto letu ni mchezaji wa kumi na mbili. Timu inatoka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, inashuka kwenye unyevu wa Kilindini na kucheza alasiri, jua likiwa bado kali. Kweli wanachoka. Lakini makocha wao si wajinga. Wakijua vijana wao hawawezi kukimbia dakika 90, wanawaambia wasikimbie. Wanapanga watu tisa nyuma ya mpira, kipa anachukua muda wake kila goli kiki, mtu anaanguka kila baada ya dakika chache, wanakunywa maji, wanangoja. Joto tunalolitegemea ndilo linalowafundisha kujifungia, na timu iliyojifungia ndiyo tusiyoiweza. Mimi naamini pointi nyingi za ubingwa tulizimwaga palepale nyumbani, katika sare za 0-0 na 1-1 na timu za katikati ya jedwali, kuliko tulizopokonywa Nairobi.

Safari ya Afrika ya 2019/20 inaonyesha vivyo hivyo. Kombe la Shirikisho lilitukutanisha na Al-Ahly Shendi ya Sudan. Mechi yetu ya nyumbani tuliichezea Kasarani, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF. Uwanja wetu wa Manispaa ulikuwa umebomolewa ili ujengwe upya na kazi ikakwama, aibu ambayo mji wa ukubwa huu haukustahili. Tukatoka 0-0. Kwao, walipolazimika kushambulia, tukapata 1-1 na kupita kwa bao la ugenini. Ben Guerdane ya Tunisia tukaichapa 2-0, kisha tukafungwa 2-1 kwao, tukasonga. Tuliishia kwa Horoya ya Guinea, hatua ya mwisho kabla ya makundi. Kwa klabu iliyokuwa inaonja bara, lilikuwa jambo kubwa, na lilifanywa na ulinzi.

Sasa wapinzani. Gor Mahia siwapendi, na sitajifanya nawapenda, lakini katika miaka ile walikuwa na kitu ambacho hatukuwa nacho. Francis Kahata alikuwa anaweza kupokea mpira katikati ya kiungo na beki wa adui, akiwa amezungukwa, akageuka na kupiga pasi moja ya mguu wa kushoto iliyompata Jacques Tuyisenge akiwa tayari kupiga. K'Ogalo, yaani Gor, walikuwa wanacheza mechi za bara na za ligi zikifuatana, wamechoka, hela hazijulikani zitatoka wapi, na bado walikwenda kwenye viwanja vidogo wakachomoa bao la dakika za mwisho dhidi ya timu iliyojipanga nyuma. Huo ndio ubingwa. Ukitaka kujua kwa nini walitupita, waangalie dhidi ya timu za mkiani kuliko mechi walizocheza nasi.

Tusker ni darasa jingine. Robert Matano aliwapa makombe ya 2021 na 2022 kwa timu isiyopendeza sana machoni, lakini iliyojua thamani ya kila mpira uliotengwa. Mwaka 2022 walimaliza pointi sawa na Kakamega Homeboyz, na tofauti ya mabao ikaamua. Mtu akiniambia 1-0 inatosha kila wiki, namrudisha kwenye jedwali hilo. AFC Leopards nawaheshimu kwa historia yao, ila kwa muda mrefu wamekuwa timu ya siku moja moja. Hawajatwaa ligi tangu 1998, na kwa uchambuzi huu hawana la kutufundisha.

Wanaonikera kweli ni Polisi, na wananikera kwa sababu wamefanya tuliyopaswa kufanya sisi. Kwa miaka mingi tumejifariji kwamba timu ya taasisi haina umma, haina moyo, na hivyo haiwezi kushindana na Gor. Kenya Police walipanda ligi kuu mwaka 2021, na msimu wa 2024/25 wakawa mabingwa chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, aliyewahi kuifundisha Taifa Stars. Timu ya taasisi kama sisi, mishahara ya uhakika kama sisi, na mashabiki wachache kuliko sisi.

Tena sisi tulikuwa na nafasi iliyo nzuri zaidi. SportPesa, wadhamini wa ligi, walipojiondoa mwaka 2019, klabu nyingi za ligi zilikaa na njaa. Bandari ina Mamlaka ya Bandari nyuma yake, na meli hazikuacha kutia nanga Kilindini. Huo ndio uliokuwa mwaka wa kuongeza nguvu. Badala yake Shikhalo alikwenda Yanga, Mwalala akaondoka, na msimu wenyewe ukakatwa na korona, Gor wakatawazwa. Baada ya hapo makocha wamepishana, Mnyarwanda Andre Casa Mbungo akiwa mmoja wao, na kila mmoja amekuja na yake. Ulinzi uliochukua misimu miwili kujengwa ukaanza kufumuliwa kabla mtu hajafikiria nusu ya pili ya kazi.

Nusu hiyo ya pili naiona hivi. Mgeni akijifungia Mbaraki, tabia yetu ni kuingiza straika wa pili na kuanza kumimina krosi. Sasa pale ndani kuna watu kumi na wawili, na mabeki wao warefu wanafurahi, kwa sababu krosi ndiyo kitu pekee walichojiandalia. Dawa ni kumwongeza mtu wa katikati, kiungo mwenye mguso mfupi anayesimama mgongoni mwa viungo wao, ili beki mmoja alazimike kutoka kumfuata. Akitoka tu, pale alipokuwa pana pengo. Wakati huohuo beki wetu wa pembeni apande mpaka karibu na kona, asimwachie winga kazi ya kunyoosha uwanja peke yake, na winga aingie ndani kwenye pengo lile.

Kiungo wa namna hiyo hatuhitaji kumfuata Kampala wala Kinshasa. Nenda uwanja wa Serani alasiri, au katazame mashindano ya usiku wakati wa Ramadhani, uone vijana wanavyocheza palipobana, watu watatu wamemzunguka mmoja na bado anatoka na mpira. Wamekulia kwenye vichochoro ambamo mpira ukigonga ukuta unakurudia, na kugeuka upesi wamekujua kabla ya kujua neno mfumo. Mara nyingi vijana hawa huambiwa ni wadogo wa mwili kwa ligi kuu. Kwa mechi ya kujilinda dhidi ya Gor, labda. Kwa dakika ya 60 pale Mbaraki, 0-0, wageni wamelala chini wakingoja machela, ndio hasa ninaotaka kuwaona wakivua fulana za mazoezi na kujiandaa kuingia.