Hongera, Mabingwa wa Mawimbi

Kitengela, hapa Kenya, haina bahari. Ina vumbi, malori ya simiti ya Athi River na foleni ya Barabara ya Namanga. Ndiyo maana wanamuziki watatu Wajapani, waliotuletea mawimbi kwa sauti, wanastahili pongezi. Mwaka 1978, Haruomi Hosono, Shigeru Suzuki na Tatsuro Yamashita walitoa albamu ya Pacific, muziki mtulivu wa visiwani, karibu wote bila maneno. Mwaka 1984 Yamashita akaongeza Big Wave, albamu ya filamu ya wateleza mawimbi. Wajapani hawa ni ndugu wa bendi yetu ya Them Mushrooms, waliowatumbuiza watalii hotelini Mombasa kwa wimbo wa "Jambo Bwana". Ustadi wa Wajapani hao ni subira: ngoma haikimbii, besi inatembea, gitaa linawaachia wenzake nafasi. Dereva aliyekwama kwenye foleni yetu anahitaji subira hiyohiyo. Hongereni sana!