Saa za Kale za Ufaransa: Tazama Tindo Kabla ya Dhahabu

Anayenunua saa ya mezani ya kale kutoka Paris huvutwa kwanza na mng'ao wake. Dhahabu ichunguzwe baadaye. Ubora wa sanamu zinazopamba saa hizi, hasa za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, umo katika kazi ya tindo iliyofanywa kabla dhahabu haijapakwa.

Bronzi ikishasubiwa hutoka kwenye kalibu ikiwa na vijitundu na kingo butu. Mnakshi ndiye aliyeirudia kwa tindo na nyundo ndogo, mkunjo kwa mkunjo. Basi chukua kioo cha kukuzia, anza na nywele, kucha, kope na manyoya ya mbawa. Kwenye kazi nzuri kila kishungi cha nywele kina mwanzo na mwisho wake, na kitambaa kinalala juu ya goti kwa namna inayoonyesha kuwa chini yake kuna goti. Kwenye kazi mbovu uso umelainika kama sabuni iliyokwisha kutumika. Ulaini wa namna hiyo ukienea sanamu nzima, shuku kwamba kalibu ilichukuliwa kutoka kwenye saa nyingine. Nakala kama hiyo huwa ndogo kidogo kuliko ya asili, kwa kuwa madini husinyaa yakipoa.

Sasa geukia dhahabu. Zamani ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya bronzi, kisha ikapashwa moto hadi zebaki ikatoka kama mvuke. Mvuke huo uliwadhuru vibaya mafundi. Mtengenezaji wa bronzi Ravrio, aliyefariki mwaka 1814, aliacha fedha za tuzo kwa atakayebuni njia ya kuwakinga. Mwaka 1818 tuzo hiyo ilikwenda kwa d'Arcet, aliyebuni tanuri la kuvuta mvuke nje. Dhahabu iliyopakwa kwa zebaki ina kina, na fundi hodari aliigawa: ngozi ya sanamu akaiacha imefifia, pindo la vazi akaling'arisha. Fundi Pierre Gouthière alisifika kwa dhahabu hiyo iliyofifia. Rangi moja inayong'aa kila mahali aghalabu ni dhahabu iliyopakwa kwa umeme, njia iliyoenea baada ya miaka ya 1840.

Kisha ipindue saa. Mahali palipokwaruzika chini, bronzi huonyesha rangi ya manjano au wekundu. Rangi ya kijivu ni ya zinki, madini ya bei nafuu. Kagua pia matundu ya skrubu: tundu lisilo na kazi hudokeza kwamba sanamu na saa hazikuzaliwa pamoja.

Mwisho, uliza kama sanamu ina jambo la kusema. Mfano bora ni saa ya Avignon ya mwaka 1771, iliyobuniwa na mchongaji Boizot na kutengenezwa na Gouthière, ambayo sasa imo katika Wallace Collection, London. Ilikuwa zawadi iliyotolewa na mji wa Avignon, na miongoni mwa sanamu zake imo mito ya Rhône na Durance, inayokutana karibu nao.

Ukikuta saa ambayo dhahabu yake imechakaa lakini tindo bado linasomeka, inunue, na usiisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, maana utaiondoa dhahabu iliyobaki. Inayometameta huku nyuso zake zimekufa, iache dukani.