Ugumu kama Fani: Uhakiki wa Mapigano katika Mchezo wa Video Sekiro: Shadows Die Twice

Sehemu hii inahakiki mapigano katika Sekiro: Shadows Die Twice, mchezo wa video uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya FromSoftware ya Japani chini ya uongozaji wa Hidetaka Miyazaki. Mchezo huu haumpi mchezaji kiwango chepesi cha kuchagua. Mjadala uliozuka ulipotolewa ulikuwa na pande mbili: waliouona ugumu huo kuwa ndiyo sanaa yenyewe, na waliouona kuwa ukuta unaowafungia wengine nje. Hoja ya sehemu hii ni kwamba pande zote mbili zimeuchukulia ugumu kuwa kitu kimoja, ilhali ndani ya mchezo mna ugumu wa aina mbili, na kila aina inastahili hukumu yake.

Aina ya kwanza ni ugumu wa kusoma. Kila mpiganaji ana uhai na uthabiti wa mwili. Uthabiti wa adui huvunjika anaposhambuliwa mfululizo na mapigo yake yanapokingwa kwa wakati barabara. Akipewa nafasi ya kupumua, humrudia. Kwa hiyo mchezaji anayekimbia ili ajiokoe humrejeshea adui nguvu. Hapa ndipo hasira nyingi huanzia: silika ya kujihami ndiyo inayoadhibiwa. Aidha, alama nyekundu huonya kwamba pigo lijalo ni la hatari, lakini haisemi ni pigo gani. Pigo la kufyeka miguu hurukwa, mchomo hukabiliwa kwa kuusogelea na kuukanyaga, na mkamato huepwa. Jibu limo katika bega na mguu wa adui, wala si katika alama. Mapigano, basi, ni matini. Mchezaji anayerudi mara ya kumi mbele ya Genichiro Ashina harudi na silaha kali zaidi kwa sababu ya kushindwa. Harudi na kitu ila ufahamu. Mchezo wenyewe unakiri haja ya mafunzo hayo kwa kumweka Hanbei, mhusika asiyeweza kufa, ambaye mchezaji hujizoeza kwake.

Aina ya pili haina cha kusomwa. Shinobi anaposukumwa hadi ukutani, kamera hukosa nafasi na adui huweza kutoweka machoni. Kifo kinachofuata hakimfundishi mchezaji lolote. Kuutetea ugumu wa namna hii kwa jina la sanaa ni kuisifu kasoro.

Kimaudhui, mchezo unajaribu kukipa kifo uzito wa kimaadili. Shinobi anapokufa na kufufuka mara kwa mara, wahusika wengine hupatwa na maradhi ya kikohozi. Wazo hili ni zito: ustahimilivu wa mmoja hulipwa na wengine. Hata hivyo, maradhi hayo hutibika na hayamuui yeyote kati yao. Fani inatishia hatia ambayo maudhui hayaitimizi.

Jesper Juul, katika The Art of Failure (2013), anajadili kitendawili cha watu kukwepa kushindwa maishani huku wakiifuata michezo inayowashinda. Kwa Sekiro, kitendawili hicho hufumbuka pale tu kushindwa kunaposomeka. Kutokana na hili, swali la kiwango chepesi linapata sura mpya. Hades (2020) humruhusu mchezaji kupunguziwa madhara ya mapigo, na kinga hiyo huongezeka kila anapokufa. Hupunguza gharama ya kosa. Celeste (2018), ingawa si mchezo wa mapigano, huruhusu mwendo wa mchezo kupunguzwa. Hurefusha muda wa kusoma bila kuibadili matini. Njia ya Celeste ingefaa zaidi kwa Sekiro. Mchezaji ambaye vidole vyake haviwezi kwenda kasi si lazima awe msomaji dhaifu. Macho yake huenda yameliona bega la adui mapema, mkono ukachelewa. Kumhukumu kwa kasi ya mkono ni kupima jambo ambalo mchezo, katika ubora wake, haulipimi.

Kwa jumla, thamani ya ugumu wa Sekiro haimo katika idadi ya vifo. Imo katika kila kifo kinachomwachia mchezaji sababu anayoweza kuitaja.