Grisi haikuiokoa Liemba peke yake

Kama umewahi kuitazama The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, utakumbuka inavyoisha. Meli ya Kijerumani iitwayo Louisa inagonga boti lililopinduka, boti lenye mitungi ya oksijeni iliyogeuzwa kuwa mabomu, na puu! Imezama. Humphrey Bogart akaondoka na Oscar yake. Kama filamu, sina neno nayo. Shida ni kwamba ukimuuliza mtu habari za MV Liemba leo, mara nyingi anakusimulia filamu, na sehemu ambayo filamu haikuigusa anaijaza kwa hadithi mbili tamu: kwamba meli ilibebwa vichwani kutoka pwani mpaka Kigoma, na kwamba iliokolewa na grisi. Zote mbili nina ugomvi nazo.

Kwanza, wasifu mfupi. Iliundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Ilifunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku yanayosemwa kuwa 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari. Ilishushwa majini Kigoma tarehe 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 ilizamishwa karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wala si Bogart aliyeizamisha, wala Waingereza, wala Wabelgiji. Ni Wajerumani wenyewe, ili adui asiipate.

Sasa hadithi ya vichwani. Wewe uliye Puge, Nzega au Tabora mjini, hii inakuhusu, maana ndiyo nchi ya wapagazi na inapendeza kusikia kwamba babu zetu walibeba meli nzima. Hebu tupige hesabu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Tukadirie, kwa mfano tu, kwamba chuma cha meli kilikuwa tani 800. Hiyo ni mizigo kama 26,700. Ni mingi, ila kwa njia ya misafara ya Unyamwezi idadi hiyo isingemshtua mtu. Kinachokwamisha ni umbo la mzigo. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1874 alibebewa mashua yake, Lady Alice, kwa sababu ilitengenezwa makusudi ikatike vipande vya kubebeka. Boila ya meli ya mvuke huwezi kuikata kilo thelathini thelathini. Ukiikata si boila tena, ni vyuma chakavu.

Kilichoileta meli hii ni Reli ya Kati. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Bila reli hiyo meli ya ukubwa ule isingechorwa hata kwenye karatasi. Yaani Goetzen ni mtoto wa reli, na masanduku yake yalipita Tabora kwenye mabehewa. Hata mzinga wake mkubwa wa milimita 105 ulipita hapo hapo. Ulitolewa kwenye manowari Königsberg iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915, ukapandishwa treni, ukafungwa kwenye meli ya ziwani. Mwaka uliofuata ulishushwa tena ukatumike nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga bandia wa mti. Hii kwangu ni tamu kuliko mitungi ya Bogart, lakini hakuna aliyeitengenezea filamu.

Na Kigoma kwenyewe kazi ilikuwa ipi? Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapita mbio mbio. Wanataja Wajerumani watatu waliotumwa kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, halafu meli inajiunga yenyewe kama muujiza. Meli za wakati ule hazikuchomelewa, zilipigwa ribiti. Ribiti ni pini ya chuma yenye kichwa upande mmoja. Inapashwa moto mpaka iwe nyekundu, inapenyezwa kwenye tundu la mabamba mawili, na ncha yake inapondwa ikingali laini. Ikipoa inasinyaa, na kule kusinyaa ndiko kunakoyabana mabamba mpaka maji yasipite. Ikipoa kabla hujaiponda, umeharibu. Kwa hiyo kila ribiti ilihitaji mikono kadhaa inayoelewana bila maneno: wa moto, wa kushikilia, wa nyundo. Mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika na ya mafundi wa Kihindi. Katika masimulizi yote niliyosoma, sijakuta jina la hata mmoja wao.

Twende kwenye grisi. Inasimuliwa hivi: kabla ya kuizamisha, wahandisi walizipaka injini grisi nzito, Waingereza walipoiibua tarehe 16 Machi 1924 wakakuta bado nzima, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ilikuwepo kweli na iliwafaa sana wahandisi, hasa kwenye silinda na vyuma vinavyosuguana. Lakini mwili wa meli haukupakwa grisi. Nani aliulinda?

Ziwa lenyewe. Kutu ni umeme mdogo unaotembea kwenye chuma, na maji yenye chumvi nyingi yanaupitisha vizuri. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ziwa Tanganyika halifiki hata gramu moja. Tena maji yake yana asili ya magadi, pH yake inakaribia 9. Katika hali hiyo chuma hujitengenezea utando mwembamba unaopunguza kasi ya kutu, na ndiyo sababu mojawapo nondo ndani ya zege jipya haziozi haraka. Ongeza matope yanayozuia oksijeni kufika, halafu niambie kama sifa zote ni za mkebe wa grisi. Ningetamani kuona meli hiyo hiyo, na grisi hiyo hiyo, ikilala miaka minane kwenye bahari ya Dar.

Kwa nini tubishane habari za mwaka 1916? Kwa sababu Liemba haikuishia hapo. Mvuke ulitolewa, ikawekwa injini za dizeli. Kwa miongo mingi ilienda Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipakia watu na dagaa katika vijiji ambavyo vingine havikuwa na gati, abiria wakiifuata kwa mitumbwi. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000 kwao. Mei 2015 ikatumwa Kagunga kuwachukua Warundi waliokwama ufukweni. Ukisoma makala za wasafiri, miaka hiyo yote inapewa sentensi mbili, kisha wanarudi kwa Bogart.

Halafu ilikaa Kigoma miaka kadhaa ikisubiri ukarabati, na hapa namna tunavyoisimulia inaanza kuwa na gharama. Anayeamini ni meli ya filamu atataka ipakwe rangi ikae vizuri pichani. Fundi atauliza mengine. Mabamba ya 1913 yamebaki na unene gani? Kipimo cha mawimbi ya sauti kinaonyesha hilo bila kutoboa. Palipolika, patabadilishwa kwa ribiti au kwa kuchomelea? Chuma cha enzi zile mara nyingi kina salfa na fosforasi nyingi kuliko cha leo, na ukikichomelea vibaya kinaweza kupasuka pembeni ya mshono. Mtu wa Kirando au Kasanga anayesubiri meli hiyo impeleke hospitali Kigoma anahitaji maswali hayo yajibiwe kwa maandishi, bamba kwa bamba, na safari hii majina ya wapigaji nyundo yawemo.