Canter Ngumu: Tafuta Kinachoizuia Springi

Canter hii ilikuwa imeshabadilishwa shokapu zote nne kabla ya kuletwa gereji. Ni ya zamani, yenye ekseli nzima mbele na springi za mabapa mbele na nyuma, na kazi yake ni kupakia matenga ya nyanya Ilula, kuteremka Kitonga na kwenda kushusha Dar es Salaam. Dereva alilalamika mgongo. Mwenye mali alilalamika kwamba nyanya za matenga ya chini zinafika zimepasuka. Shokapu mpya hazikubadilisha lolote. Naeleza hapa jinsi mafundi walivyoutafuta ugonjwa huo, kwa sababu gereji nyingi hununua kwanza na kupima baadaye.

Fundi mkuu hakukimbilia uvunguni. Alimkalisha dereva akamuuliza: linakupiga likiwa tupu au limejaa? Kwenye vijiwe vidogo au kwenye matuta? Majibu ya hapo huokoa nusu siku ya kazi. Gari linalotetemesha kwenye kila kijiwe kwa kawaida lina springi zisizocheza au upepo uliozidi kwenye matairi. Linalopita vijiweni kwa utulivu, kisha likagonga kwa kishindo kwenye tuta, limemaliza nafasi ya kushuka. Springi zake zimechoka na ekseli inafikia raba ya kuzuia, na ukiitazama raba hiyo utaikuta ina alama mpya ya kugongwa. Canter hii ilikuwa ya aina ya kwanza, na nyuma ndiko kulikozidi.

Hapo tayari shokapu ilikuwa imeondolewa lawama. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi iliyokwisha kucheza. Kama springi haichezi, shokapu haina cha kutuliza, iwe mpya au kuukuu. Inaweza kulifanya gari kuwa gumu ikiwa imekwama, imepinda au ni fupi kuliko inavyotakiwa, na hilo hujulikana upesi: unafungua bolti ya chini, unaivuta na kuisukuma kwa mkono. Za Canter hii zilikuwa nzima.

Upepo ulipimwa matairi yakiwa baridi, pamoja na yale ya ndani ya nyuma ambayo wengi huyagonga kwa nyundo tu wakaridhika. Ulikuwa umezidi kiasi, ukarudishwa kwenye kipimo cha kiwanda. Gari likaendeshwa kwenye kipande kilekile cha barabara ya changarawe, kwa mwendo uleule, kabla ya kuguswa kitu kingine. Nafuu ilikuwa ndogo.

Ndipo wakaingia uvunguni na kutazama sheko, kile kiungo kinachoning'inia nyuma ya springi. Springi ya mabapa imepinda, na ikilazwa na uzito hurefuka. Jicho la mbele limefungwa na pini kwenye chesisi, haliendi popote, kwa hiyo ni lazima jicho la nyuma lisogee. Sheko ndilo linalolipa nafasi ya kusogea. Pini ikishikana na bushi yake kwa kutu, springi hukosa pa kurefukia na hukaa kama kipande cha reli.

Dalili ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye tochi. Kwenye sheko la kushoto, chuma kilikuwa kimeng'aa pale vipande viwili vinaposuguana. La kulia lilikuwa na ganda la tope kavu lililopita juu ya kiungo bila ufa hata mmoja. Kiungo kinachotembea hakiwezi kubaki na ganda zima namna ile. Chesisi ikainuliwa kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi, ekseli ikaachwa ining'inie ili pini isibanwe na uzito, ndipo wakapiga grisi. Kushoto grisi chafu ikatoka pembeni, ikifuatwa na safi. Kulia nipeli ilikataa kabisa. Pini ilipotolewa kwa nyundo na taabu, mfereji wake wa ndani ulikuwa umezibwa na grisi iliyokauka ikawa ngumu. Ikawekwa pini mpya na bushi mpya.

Kisha mabapa. Fundi springi wa barabarani alikuwa ameongeza bapa moja kila upande, na alichagua nene kuliko yaliyokuwepo. Hapa hesabu haina huruma: ugumu wa bapa hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kwa urefu na upana uleule, bapa la milimita 12 ni gumu kuliko la milimita 10 kwa zaidi ya asilimia 70. Juu ya hilo, mabapa yalikuwa na kutu katikati, na ncha zake zimechimba vishimo kwenye bapa la juu yake, kwa hiyo hata kuteleza yalikuwa yanagoma. Namwelewa mwenye gari anayetaka matenga zaidi kwa safari moja. Lakini bapa la ziada haliongezi uwezo wa breki, wala wa ekseli, wala wa tairi. Linaficha tu kwamba gari limezidiwa, na mimi naliona ni hasara kila ninapolikuta. Waliyatoa yote mawili, wakasugua yaliyobaki, wakasawazisha vishimo na kupaka grisi ya grafiti.

Nyanya zikapona. Mgongo wa dereva haukupona sana, na ndipo ilipobainika kwamba malalamiko mawili yalikuwa na vyanzo viwili: raba zinazobeba kabini zilikuwa zimeliwa, chuma kinakaa juu ya chuma. Zilipobadilishwa, naye akanyamaza.

Yu-bolti zilikazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake juu ya matairi, halafu zikakazwa tena baada ya safari ya kwanza ya mzigo, maana mabapa yaliyosuguliwa hulala upya. Yu-bolti ikilegea, bolti ya katikati hukatika na ekseli huhama mahali pake, na hilo likitokea katika kona za Kitonga, breki pekee haziwezi kukuokoa.