Barua kwa Shoga Asiyetajwa: Maisha ya Ugenini katika Maandishi ya Salme binti Said

Jina la Salme binti Said si geni kwa wanaosoma historia ya Afrika ya Mashariki. Binti huyo wa Sayyid Said, sultani wa Unguja na Omani, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyohiyo na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, kisha akafuatana naye hadi Ujerumani. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka Berlin mwaka 1886, kimetafsiriwa mara nyingi, na wasomaji wa Kifaransa walikipata katika toleo la Karthala la mwaka 1991. Hicho ndicho kinachotajwa kila mahali. Maandishi yake mengine, yale yanayoitwa Barua kwa Nyumbani, hayatajwi sana. Aliyaandika kwa Kijerumani, yakabaki katika karatasi zake alipofariki mwaka 1924, na hayakuchapishwa hadi mwaka 1993, E. van Donzel alipoyatoa kwa tafsiri ya Kiingereza pamoja na maandishi yake mengine.

Tofauti ya vitabu hivi viwili si ndogo. Kumbukumbu zimeandikwa kwa ajili ya Wajerumani waliotaka kujua mambo ya ndani ya jumba la sultani: chakula, mavazi, harusi, ugomvi wa wake na masuria. Mwandishi anajua kwamba anatazamwa, na anajibu kama mtu anayetazamwa. Barua zinageuza mwelekeo. Humo yeye ndiye anayeitazama Ujerumani, na anayesimuliwa ni mwanamke mmoja wa Unguja, rafiki yake, ambaye hatajwi jina. Barua hizo hazikutumwa. Na hata kama zingetumwa, rafiki huyo asingeweza kuzisoma, kwa kuwa zimeandikwa katika lugha asiyoijua.

Wahakiki wengi hupita hapo haraka. Husema kwamba rafiki huyo ni pambo tu, kwamba barua ni namna iliyozoeleka Ulaya ya kuandika habari za safari, na kwamba hakuna haja ya kuuliza zaidi. Maelezo hayo hayatoshi. Mtu anayetaka pambo huchagua pambo linalowafaa wasomaji wake. Huyu alichagua msikilizaji anayemlazimu kueleza upya kila kitu ambacho msomaji wa Kijerumani amezaliwa nacho: jiko la kupashia nyumba moto, ziara za adabu, ukimya wa Jumapili. Kazi ngumu namna hiyo haifanywi kwa ajili ya pambo.

Ili kuiona maana ya uchaguzi huo yafaa kuzifikiria barua nyingine, zile ambazo kila mtaa wa Lubumbashi, Bukavu au Kindu umezipokea kutoka Bulaya. Zilikuwa na sura moja. Salamu kwa wote, mmoja mmoja kwa jina. Afya ni nzuri, namshukuru Mungu. Baridi ipo lakini tumezoea. Picha ya mwenye barua amesimama kando ya gari. Mwishoni ahadi ya kutuma kitu mambo yakinyooka. Kilichokosekana kinajulikana leo, kwa sababu waliorudi wamekisema: chumba kimoja cha watu watano, kazi ya kufagia ofisi usiku, makaratasi yaliyokataliwa mara ya pili. Mwandishi wa barua hizo hakuwa mwongo kwa tabia. Alijua kwamba barua yake itasomwa kwa sauti uani, mbele ya mama, wajomba na majirani, na kwamba baadhi ya hao waliuza kiwanja ili yeye apate tikiti. Mbele ya masikio hayo ukweli ungekuwa kosa la adabu. Simu ya mkononi imebadili chombo. Haikubadili sana maneno.

Barua za Salme ni kinyume cha hizo, na kisa chake ni kimoja tu: hazikuwa na uani wa kusomewa. Baraza la nyumbani lilikuwa limekwisha kumfunga mlango. Ameacha dini ya baba zake, ameolewa na mtu asiye Mwislamu, na ndugu zake hawataki kulisikia jina lake. Hana wa kumficha aibu, wala hana wa kumwahidi zawadi. Anabaki na shoga mmoja wa kufikirika, na kwake huyo anayasema yale ambayo barua za kawaida hazina nafasi nayo.

Anasema nini? Mambo madogo, na ndiyo thamani ya kitabu. Anaishi katika nyumba nzuri ya kando ya maji huko Hamburg, mume anampenda, fedha zipo. Kwa kipimo cha watu wa nje hana la kulalamikia. Lakini milango na madirisha ya nyumba za Wajerumani hufungwa, naye amekulia katika majumba ambayo upepo wa bahari hupita humo usiku na mchana. Baridi inamwingia mwilini, na giza la majira yake linamwingia rohoni. Mavazi yanambana. Katika karamu anawaona wanawake waliojifunua mabega mbele ya wanaume, yeye ambaye jana alifunika uso. Mitaani na katika majumba ya starehe watu wanamkodolea macho, kwa kuwa habari za binti wa sultani zimekwisha kuenea mjini, na kila mtu anataka kuhakikisha kama alivyo ndivyo alivyomwaza.

La lugha ndilo linalostahili kukaliwa zaidi katika taarifa kama hii. Salme na mumewe walizungumza Kiswahili. Huyo bwana alikijifunza katika biashara yake Unguja, na katika nyumba nzima ya Hamburg, pengine katika mji mzima, yeye ndiye pekee wa kusemeshwa. Asubuhi akienda kazini, Kiswahili kinatoka mlangoni pamoja naye. Jioni akirudi, kinarudi. Katikati ni saa za ukimya. Wanaisimu wamezoea kuzungumza juu ya lugha inayokufa kwa kukosa wasemaji, na hufikiria kabila, kizazi, karne. Hapa msomaji anaiona lugha yenye wasemaji wengi pwani nzima ya Afrika ikiishi na kufa kila siku kwa ratiba ya mume mmoja. Mnamo Agosti 1870 mume huyo aliangushwa na tramu ya farasi, akafa kwa majeraha yake. Mjane alikuwa na watoto watatu, wa mwisho hajatimiza nusu mwaka. Wasomaji wanayaona machungu ya ndoa iliyokatika; wachache wamegundua kwamba siku ile ilikatika pia lugha ya nyumba.

Kwa hiyo swali la kwa nini aliandika kwa Kijerumani lina jibu la uchungu. Kalamu yake ilikuwa na historia. Katika Kumbukumbu anasimulia jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, kwani wasichana walifundishwa kusoma tu. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo uliozaliwa gizani ndio uliomponza mwaka 1859, wale waliopanga kumpindua Sayyid Majid kwa ajili ya Barghash walipomfanya mwandishi wa barua zao. Hati aliyokuwa nayo ilikuwa ya Kiarabu, na Kiswahili cha kuandika hakikuwa lugha aliyolelewa kuitumia kwa habari ndefu za moyo. Kijerumani alikipata ugenini, kwa jasho. Alikipata kwa ajili ya duka, daktari na mahakama, kisha akakitumia kumsemesha shoga wa Unguja.

Kuna mwenzake anayefaa kuwekwa kando yake. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikwenda Berlin katika miaka ya 1890 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, na habari alizoandika juu ya safari yake na mji ule zimo katika mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1894. Aliandika kwa Kiswahili, lakini waliomsoma walikuwa wanafunzi wa Kijerumani waliohitaji maandishi ya kujizoeza. Yeye alisema lugha ya nyumbani akiwaambia wageni; Salme alisema lugha ya wageni akimwambia mtu wa nyumbani. Historia ya fasihi ya Kiswahili imempa Amur nafasi yake bila mjadala. Salme haipewi nafasi, na sababu inayotolewa ni lugha peke yake. Sababu hiyo ingetosha kama fasihi ingekuwa sarufi.

Hata hivyo kitabu hakisomwi kwa huruma tu, na hasa hakisomwi hivyo Kongo. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina nadharia nzima ya kuhamia: mtu huacha kuwa mgeni siku anapopewa kazi. Miaka mitatu ya ndoa Salme hakupewa jembe. Alikuwa wa kuonyeshwa na kutazamwa. Jembe lilikuja na ujane. Sheria haikumwachia mama ulezi wa watoto wake peke yake, ikawawekea walezi wanaume, mali ilipungua, akahama Hamburg, akaishi Dresden, Rudolstadt, kisha Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha ni rahisi, akifundisha Kiarabu ili kupata riziki. Kurasa hizo za kuhesabu fedha na kushughulika na watumishi wa kuajiriwa ndizo zenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa hapo ndipo Ujerumani inapoacha kuwa maajabu na kuwa mahali anapoishi.

Lakini nyuma ya kurasa hizo kuna watu wengine waliohamishwa kwenda ugenini. Binti wa sultani alikuwa na mashamba, na mashamba ya Unguja yalilimwa na watumwa. Katika enzi yake wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa. Baadaye njia za misafara zilifika Maniema, ambako mwaka 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe. Watu hao walifika pwani wakiwa hawajui lugha, wakapewa majina mapya, mavazi mapya na dini mpya, sawa na Salme alipofika Hamburg, ila wao hawakupewa zile siku mbili. Walipewa jembe siku ya kwanza. Na katika Kumbukumbu mwandishi anautetea utumwa wa Waarabu, tena kwa hoja ya uvivu wa watu weusi. Maisha ya Ulaya, yaliyomfundisha mengi juu ya mlango uliofungwa, hayakumfundisha kuitazama upya milango ya baba yake. Jambo hili si la kupuuzwa kwa adabu. Huko Hamburg uwanja mdogo uliopewa jina la Emily Ruete uliondolewa jina hilo mwaka 2020 kwa sababu ya maneno hayohayo, na walioliondoa hawakuwa na makosa. Uwanja ni heshima, na heshima huweza kukataliwa. Kitabu hakiombi heshima, kinaomba kusomwa, na anayekisoma Kasongo ana haki ya kuuliza maswali ambayo shoga wa Unguja asingeyauliza kamwe.

Kwa sababu hiyo tafsiri ya Kiswahili ya Barua, iwapo mtu ataikabili, itakuwa kazi ya uhakiki kabla ya kuwa kazi ya lugha. Mfasiri atakwama katika neno la kwanza, lile la kumwita anayeandikiwa. Rafiki ni neno safi la vitabu, lakini ni baridi. Linaweza kuwa la mtu yeyote. Mwanamke wa Unguja wa tabaka lile angemwita mwenzake shoga, na neno hilo lingerudisha mara moja ukumbi, mkeka na mazungumzo ya alasiri. Nchini Kongo neno hilo halitumiki katika maana hiyo, na mjini leo limechukua maana nyingine kabisa. Wanafunzi watacheka darasani. Itabidi mwalimu awaache wamalize kucheka, kisha aeleze kwamba barua nzima imeandikwa ili neno hilo moja lipate mtu wa kulisikia.

Ugumu wa pili utakuwa wa majina ya majumba. Salme anayaandika kama yalivyosemwa: Bet il Mtoni, Bet il Watoro. Nusu Kiarabu, nusu Kiswahili, na nusu ya Kiswahili katika jina la pili ni watoro, watu waliotoroka. Mfasiri wa Kifaransa au wa Kiingereza hana budi kulieleza. Mfasiri wa Kiswahili ataliacha lilivyo, na msomaji wa Kiswahili atalisoma akijua tayari kwamba msichana aliyewahi kukaa katika nyumba ya jina hilo alitoroka naye mwaka 1866, usiku, kwa mashua, kuelekea manowari iliyokuwa ikimngoja.