Heko kwa Waigizaji wa Jukwaani

Mwana wa Butiama, Julius Nyerere, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, kwa jina la Julius Caezar, mwaka 1963 akiwa tayari rais. Mwaka 1969 akaitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari, akatoa pia tafsiri nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Lakini tamthilia kitabuni imelala; anayeiamsha ni mwigizaji. Nampongeza kijana wa shule, wa Musoma au Bunda, anayejifunga shuka begani na kusimama kando ya maiti ya Kaizari, yaani mwenzake aliyebana pumzi sakafuni, akaitoa hotuba ndefu bila kukwama, hadi waliochungulia dirishani wakanyamaza. Mwigizaji wa filamu hupewa nafasi ya kurudia. Huyu wa jukwaani akikosea, kosa limekwishasikika.